Kayaki za mbio: pa kuanzia ukiwa Morogoro

Watu wakimwona mpiga kayaki hutazama mabega. Kocha hutazama miguu. Kafi likizama upande wa kulia, mguu wa kulia ndio unaosukuma, nyonga inazunguka, kiwiliwili kinafuata, na mkono kazi yake kubwa ni kushikilia. Kwa hiyo kijana aliyekulia Uluguru akishusha ndizi kwa miguu hadi Soko la Chifu Kingalu ana mtaji mkubwa kuliko anavyodhani. Anachokosa ni maji, na hilo ni heri alikubali mapema.

Chagua chombo kwanza. Kwenye kayaki unakaa, miguu mbele, na kafi lina bapa pande zote mbili. Kwenye mtumbwi wa mbio unapiga goti moja na kafi lina bapa moja, unalopiga upande mmoja tu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Aliyezoea mitumbwi ya Ifakara huenda akauelewa huu wa pili haraka zaidi. Wala si njia ya wanyonge: Joaquim Lobo wa Msumbiji na mwenzake walifika Olimpiki ya Rio 2016 kwa mtumbwi wa watu wawili, na Buly Triste wa São Tomé na Príncipe alifika huko huko kwa mtumbwi wa mtu mmoja. Nchi nzima ya Triste ina watu wachache mno ukilinganisha na Mkoa wa Morogoro, uliohesabiwa watu zaidi ya milioni 3 mwaka 2022.

Kisha kuogelea, tena kabla ya kugusa chombo. Kayaki ya mbio ya mtu mmoja ina urefu wa mita 5.20, uzito usiopungua kilo 12, na ni nyembamba kiasi kwamba mwanafunzi hupinduka hata kabla hajapiga kafi la kwanza. Kuanguka ni sehemu ya somo. Kama huwezi kuogelea mita 100 mfululizo na kuelea dakika kadhaa bila kushika kitu, bado. Ukishaweza, vaa jaketi okozi, na usiingie majini peke yako. Anza na kayaki pana, kama zile za watalii, ndipo uhamie nyembamba.

Mengi yanaweza kufanyika nyumbani. Weka ubao juu ya kipande cha gogo la mviringo, kaa juu yake, shika mpini wa jembe kama kafi. Ncha iingie usawa wa vidole vya miguu na itoke ikifika nyonga. Anayevuta hadi nyuma ya nyonga anainua maji tu na kukizuia chombo chake mwenyewe.

Mlima nao una namna ya kutumiwa. Kupanda Bondwa, unaozidi mita 2,000, kwa mwendo wa kutwa ni matembezi mazuri lakini hayakuandai kwa mbio hizi. Mita 1,000 bingwa wa kiume huzimaliza kwa takriban dakika 3 na nusu. Mita 500 za wanawake hazifiki dakika 2. Tafuta kipande chenye mwinuko kwenye njia ya Morningside, panda kwa nguvu dakika 3, shuka taratibu, rudia mara 5. Mara mbili kwa wiki inatosha. Siku nyingine jivute juu kwenye tawi la mwembe, siku moja kimbia polepole kwa muda mrefu, na siku moja lala. Wengi hawalali, halafu wanashangaa mabega yanauma.

Sasa maji. Vijito vya Uluguru ni mawe na maporomoko, wakati mbio hizi zinataka maji yaliyotulia. Bwawa la Mindu ni chanzo cha maji ya kunywa ya manispaa: usiingie bila ruhusa, na pa kuanzia kuuliza ni Bodi ya Maji Bonde la Wami/Ruvu. Kumbuka pia kichocho. Anayeshinda kwenye maji baridi apimwe. Mto Kilombero una mamba na viboko, basi uachwe. Tangu Juni 14, 2024 treni ya SGR imeifanya Dar es Salaam kuwa safari ya mwisho wa wiki, na alfajiri kabla ya upepo bahari huwa tulivu. Lakini ukitaka kushindana na mataifa, wikiendi hazitoshi. Panga kuhama.

Usikimbizwe na umri. Lisa Carrington wa New Zealand alichukua dhahabu tatu Paris 2024 akiwa na miaka 35. Mjerumani Birgit Fischer alipata dhahabu yake ya kwanza mwaka 1980 na ya nane mwaka 2004.

Kinachowaangusha wengi ni karatasi. Mwanamichezo hajiandikishi mwenyewe kwenye mashindano ya dunia. Jina lake hupelekwa na chama cha taifa kinachotambuliwa na shirikisho la kimataifa, na udhamini wa Olympic Solidarity hupitia Kamati ya Olimpiki Tanzania. Basi kusanyeni wenzenu, kwenye vyuo vikuu vya SUA na Mzumbe wapo vijana, mwende kwa afisa michezo wa manispaa mkaulize utaratibu wa kusajili klabu chini ya Baraza la Michezo la Taifa. Ulizeni kwa maandishi, na mdai jibu la maandishi.