Somo la Chesi: Ngome Hufaa Ikipata Safu Wazi

Wanaojifunza chesi, yaani sataranji, huambiwa mapema kwamba ngome ina thamani ya askari watano, huku farasi na askofu wakihesabiwa kuwa sawa na askari watatu kila mmoja. Hata hivyo, wengi hushindwa ngome zao zikiwa bado zimelala pembeni.

Ngome huenda mbele, nyuma na kando kwa mstari mnyoofu, wala hairuki kete nyingine. Kwenye ubao mtupu hufikia miraba 14 kutoka popote iliposimama. Mwanzoni mwa mchezo haifikii hata mmoja, kwa kuwa mbele yake kuna askari na kando yake kuna farasi. Ni kama lori kubwa ambalo barabara yake imezibwa.

Safu wazi ni ipi?

Ubao una safu wima nane, zinazoitwa kwa herufi a hadi h. Safu isiyo na askari wa upande wowote ndiyo safu wazi. Ikibaki na askari wa mpinzani pekee, huwa wazi nusu, na ngome huweza kumshambulia askari huyo.

Safu hufunguka askari wanapolana. Kwa mfano, Mweupe anacheza e4, Mweusi e6. Mweupe d4, Mweusi d5. Kisha askari wa e4 anamla wa d5, naye askari wa e6 analipiza. Kwa hatua tatu tu, safu ya e imekuwa wazi.

Mambo ya kufanya

1. Tazama ni safu gani itafunguka, na upeleke ngome hapo kabla ya mpinzani.
2. Weka ngome ya pili nyuma ya ya kwanza. Moja ikiliwa, nyingine italipiza.
3. Penya hadi safu mlalo ya 7 (kwa Mweusi ni ya 2), waliko askari wa mpinzani ambao hawajasogea.

Hatari ya tamaa

Mweupe ana mfalme g1, ngome e1 na askari a2, f2, g2 na h2. Mweusi ana mfalme g8, ngome a8 na askari f7, g7 na h7. Ni zamu ya Mweusi.

Askari wa a2 hana mlinzi, na kumla kunavutia. Lakini ngome ya a8 ndiyo inayolinda e8. Ikiondoka, ngome ya Mweupe itapanda e8, na mfalme aliyezibwa na askari wake mwenyewe hatakuwa na pa kukimbilia. Mchezo umekwisha kwa sababu ya askari mmoja. Mweusi angeanza kwa kumsogeza askari wa h7 hadi h6, mfalme apate mlango.

Wazazi na walimu wanaweza kuzipanga kete hizi ubaoni na kumwachia mtoto atafute hatua ya Mweusi kabla ya kumwonyesha jibu.