Sponji Ndani ya Buti: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Mvua za Novemba zikishakolea hapa Itaka, wilayani Mbozi, gambuti linatoka uvunguni na malalamiko yanaanza. La huyu linampwaya, la yule limemchuna kisigino, na mwingine kanunua buti za mtumba Tunduma, nzuri kwa macho, lakini kila akipiga hatua mguu unaogelea. Wote wanaishia kwenye kibanda cha fundi viatu na ombi lilelile: "Fundi, niwekee sponji." Sponji yenyewe si mbaya. Ubaya ni kuiomba ifanye kazi isiyo yake. Yafuatayo ni kwa anayepeleka buti, na machache ni kwa fundi.

Usinunue buti kubwa kwa kutegemea sponji. Hili ndilo kosa mama. Soli ya ndani inauinua mguu, haifupishi buti. Kwa vipimo vya Ulaya, vilivyochapwa chini ya gambuti nyingi, kutoka namba moja hadi inayofuata ni karibu milimita 7. Ukizidisha namba mbili umejinunulia nafasi ya zaidi ya sentimita moja mbele ya vidole, na nafasi hiyo haiondoki hata ukijaza sponji ya unene wa kidole. Ukiteremka shamba la kahawa na ndoo mkononi, mguu unasukumwa mbele, vidole vinagonga, na kabla msimu haujaisha kucha ya dole gumba imeshakuwa nyeusi. Tena kadiri sponji inavyokuwa nene ndivyo kisigino kinavyopanda na kutoka kwenye kile kishimo kilichotengenezwa kukishika. Gambuti halina kamba za kukaza. Kisigino kikishapanda, hakuna cha kukirudisha.

Pima buti likiwa tupu. Ng'oa soli ya ndani kama ipo. Ingiza mguu, usogeze mbele mpaka vidole viguse, kisha pitisha kidole cha shahada nyuma ya kisigino. Kikipita kwa kubana kidogo, nunua. Vikipita viwili, rudisha, na usimsikilize muuzaji anayekuambia "utavaa na soksi mbili."

Ile soli uliyong'oa usiitupe. Iweke chini uikanyage. Vidole vikimwagika nje ya ukingo wake, buti ni jembamba, na kwa wembamba sponji haisaidii chochote. Inabana zaidi.

Nenda kwa fundi jioni, na soksi za kazi. Mguu wa saa moja asubuhi si mguu wa saa kumi. Ukishinda umesimama, miguu inavimba kidogo, na buti lililopimwa asubuhi litakubana ukiwa katikati ya palizi. Soksi nayo ni sehemu ya kipimo: kama shambani unavaa nene, usiende na zile nyembamba za kanisani.

Simama wakati wa kupimwa. Fundi akikuambia kaa kwenye stuli unyooshe mguu, kataa kwa heshima: "Fundi, naomba nisimame." Unyayo usiobeba mwili ni mfupi na mwembamba kuliko unyayo uliobeba. Simama juu ya kipande cha boksi, uzito kwenye miguu yote miwili, usiegemee meza. Kalamu iwe wima inapozunguka mguu. Ikilala inachungulia chini ya unyayo, hasa upande wa ndani penye tao, na mchoro unatoka mwembamba. Baada ya hapo fundi akupapase na kuweka alama za X pale penye sugu na pale mfupa wa dole gumba ulipotokeza. Hapo ndipo sponji itachongwa iwe nyembamba. Achore miguu yote miwili. Karibu kila mtu ana mguu mmoja mkubwa kuliko mwenzake, na mkubwa ndio unaoamua namba ya buti. Sponji ya ziada, kama ipo, inakwenda kwa mdogo.

Hata kwenye nchi za theluji ni hivyo. Mtu anayeteleza milimani, kama Sabrina Simader aliyezaliwa Kenya, akakulia Austria na kuiwakilisha Kenya kwenye Olimpiki ya PyeongChang 2018, anavaa buti lenye gamba gumu la plastiki. Kwa wanaohitaji buti liwashike sawasawa kuna mafundi wanaomimina dawa mbili zilizochanganywa ndani ya kitambaa cha buti. Zinaumuka kwa dakika chache na kujaza kila pengo kati ya mguu na gamba, na muda wote huo mteja amesimama ndani ya buti lake. Na hakuna fundi wa huko anayemimina kabla ya kuhakikisha gamba lenyewe ni saizi yake. Povu linajaza pengo dogo tu. Likiachiwa pengo kubwa, linabonyea na mguu unaanza kuogelea upya.

Usimruhusu mtu yeyote kupuliza povu la fremu ndani ya buti. Ni lile la kopo, linalouzwa maduka ya vifaa vya ujenzi kwa kuziba nafasi za milango na madirisha. Vijana wenye simu wameshaona video za kule ughaibuni, na sasa wanadhani povu ni povu. La fremu likikauka linakuwa gumu na lenye kingo za kukwaruza. Kabla ya kukauka linang'ang'ania ngozi, na mvuke wake ni mbaya kwa mapafu. Mguu hauingii humo. Atakayekuambia amefanya na likamkaa vizuri, mwombe avue soksi.

Kataa sponji ya godoro. Ni laini ukiibonyeza kwa mkono, na ndiyo sababu inawadanganya watu. Chini ya mtu mzima mwenye debe la mahindi kichwani inalala bapa ndani ya siku chache. Juu ya hapo inafyonza maji na jasho, na Juni na Julai, baridi ya Mbozi ikiingia, unakuwa umevaa kitambaa kibichi kutwa nzima.

Omba povu lililofumbata, lile la malapa mazito au la mikeka ya mazoezi. Jaribu kwa ukucha wa dole gumba: bonyeza kwa nguvu, achia, hesabu mpaka tano. Alama ikiwa imejaa, chukua. Ikibaki shimo, hilo limeshachoka. Lidondoshee na tone la maji, na tone likae juu lisizame. Milimita tatu hadi tano zinatosha kwa mtu aliyenunua namba yake. Anayehitaji zaidi ya hapo anahitaji buti lingine.

Fundi, usipashe povu kwenye jiko la mkaa ili likunjike. Joto linalilainisha kweli, lakini la jiko halina kipimo. Povu linasinyaa upande mmoja, na moshi wake unauvuta wewe kutwa. Kata kwa kisu kikali, kisha piga msasa ukingo wa chini uwe mshazari, likae kwenye mviringo wa buti bila kujikunja.

Usibandike soli ndani ya gambuti. Kamwe. Gambuti halipumui. Jasho lote linabaki ndani, na soli iliyogandishwa kwa gundi haikauki upande wa chini. Harufu utakayoipata ni dalili tu, fangasi wa vidole ndio ugonjwa wenyewe. Soli ikatwe ikae yenyewe kwa kubana, itolewe kila jioni, isimamishwe ukutani kivulini. Usiianike kwenye bati la jua kali, itasinyaa. Gambuti ligeuzwe kichwa chini. Na kabla ya kulivaa asubuhi likung'ute, maana si wewe peke yako unayependa mahali penye giza na joto.

Buti la ngozi ni tofauti kidogo. Pale unaweza kubandika kipande kidogo kisigino kinapocheza, au chini ya ulimi wa buti, mahali ambapo kinausukuma mguu nyuma badala ya kuuinua. Mafundi wengi hawakigusi kabisa hicho cha chini ya ulimi, na ndicho kinachomaliza tatizo mara nyingi. Gundi ipakwe pande zote mbili, iachwe mpaka ikiguswa hainati kidoleni, ndipo vipande vigandamizwe. Mwenye haraka anagandamiza ikiwa mbichi, halafu anashangaa kipande kimehama katikati ya njia.

Vijana wa machimbo ya Mkwajuni: usiinue mguu kwenye buti la chuma bila kupima paa lake. Chuma cha mbele hakitanuki. Soli ikikuinua milimita tano, vidole vinagusa chuma kwa juu. Vaa, chuchumaa, tembea hatua kadhaa ukiwa umechuchumaa. Ukisikia chuma, punguza sponji kuanzia kwenye vidole. Usikate buti.

Usimnunulie mtoto kiatu cha shule cha mwaka ujao ukakijaza sponji kiwe cha mwaka huu. Najua bei. Lakini mtoto anayeburuza kiatu anajifunza kutembea kwa kukunja vidole ili kisivuke, na anakwenda hivyo njia nzima ya shule. Nafasi ya kukua ni upana wa kidole gumba chako, basi.

Mwenye kisukari, au aliyewahi kuugua ukoma, asiende kwa fundi wa gulioni. Hili silegezi. Mguu uliokufa ganzi hausemi kwamba unaumia. Dkt. Paul Brand, aliyeanza kazi Vellore, India, mwaka 1946, ndiye aliyeionyesha dunia kwamba vidole vya wagonjwa wa ukoma havikuwa vikioza vyenyewe: viliharibiwa na majeraha ambayo mwenyewe hakuyasikia, kiatu kibaya kikiwamo. Kisukari kinaua hisia za mguu vilevile. Kunjo moja la sponji, kichwa kimoja cha msumari, na mtu anatembea nacho kutwa bila habari mpaka soksi itoke na damu. Anza hospitali, Vwawa ipo. Omba rufaa kwa mtaalamu wa viatu tiba na viungo bandia. Tanzania inawafundisha wenyewe, chuo cha TATCOT kiko pale hospitali ya KCMC, Moshi, tangu 1981. Na kila jioni mtu wa nyumbani akutazame nyayo kwa taa. Fundi naye awaulize wateja wake wazee: "Mzee, una sukari?" Akijibu ndiyo, arudishiwe kiatu chake na pesa yake.

Likitoka kwenye robota buti la plastiki gumu lenye vifungo vya chuma, usilinunue. Ni lile la theluji. Pea moja inaweza kupita kilo 3, kifundo hakikunjiki, na kwenye tope utaanguka kama mlingoti. Kitambaa chake cha ndani, kile kinachochomoka kama soksi nene, ndicho pekee chenye faida: fundi mjanja atapata humo povu zuri la visigino.

Usimalize malipo kabla ya kutembea. Si hatua mbili mbele ya kibanda. Panda mteremko, shuka, simama kwa mguu mmoja, geuka ghafla. Kisha vua uangalie ngozi. Wekundu unaofutika upesi hauna neno. Ukibaki baada ya robo saa, mwonyeshe fundi mahali hapo kwa kidole, apige msasa hapo hapo. Siku za kwanza vaa nusu siku, usianze na siku ya kuvuna.

Baada ya wiki rudi. Povu jipya linalala kidogo na marekebisho ni ya kawaida, fundi asiyetaka kuyafanya hakufai. Uende na buti zote mbili hata kama linalouma ni moja, kwa sababu akipunguza la kulia bila kuliona la kushoto utaondoka na urefu wa miguu miwili tofauti, na kinachofuata kuuma ni nyonga.