Springi za kuvuta: uza kwa vipimo, usiuze kwa picha

Leo tupo kwenye vipuri vidogo.

Mteja wa Mbeya anakutumia picha ya springi: "Boss, unayo kama hii?" Unaangalia kwenye boksi, unaona inafanana, unamjibu ipo. Springi ya elfu tatu inapanda basi kwa elfu tano, inafika, haifanyi kazi. Sasa nani analipa nauli ya kurudisha? Faida ya springi kadhaa imeshaondoka, na mteja keshaandika kwenye kundi la mafundi kwamba unauza feki. Springi ilikuwa nzima kabisa, ila haikuwa yake.

Shida ni kwamba picha inaonyesha umbo, haionyeshi nguvu.

IJUE KWANZA UNAYOUZA

Springi za waya zina aina kuu tatu. Kuna ya kukandamizwa, kama ya shokapu ya pikipiki. Kuna ya kusokotwa, kama ile ya kibanio cha nguo. Na kuna ya kuvuta, ndiyo ya leo: mizunguko yake imebanana na kila mwisho una ndoano. Ukiivuta inataka kurudi. Kazi yake ni kurudisha kitu mahali pake au kukishikilia kisilegee.

Utaikuta kwenye stendi ya pikipiki, ndani ya breki za ngoma, kwenye vitanda vya sofa, trampolini za watoto na mizani ya kuning'iniza. Viwandani inavuta puli inayokaza mkanda, inarudisha pedali, inashikilia vifuniko vya mashine. Mwenye mashine iliyosimama hatafuti springi ya bei rahisi, anatafuta inayoingia leo. Huyo ndiye mteja mzuri, ukijua kumuuliza maswali.

VIPIMO VITANO VYA KUULIZA

1. Unene wa waya. Hiki ndicho kikubwa kuliko vyote. Waya ukiwa wa milimita 2.2 badala ya 2.0, na vingine vyote vikabaki vilevile, ugumu wa springi unapanda kwa karibu asilimia 46. Hiyo 0.2 huwezi kuiona kwenye picha! Huna venia? Tumia rula: hesabu mizunguko 10 iliyobanana, pima urefu wake, gawa kwa 10. Ukipata milimita 20, waya ni wa 2.0.

2. Kipenyo cha nje. Springi pana ni laini kuliko nyembamba yenye waya uleule. Kipenyo, kikipimwa katikati ya waya, kikitoka milimita 20 kwenda 22, ugumu unashuka kwa karibu robo.

3. Idadi ya mizunguko. Ikipungua, springi inakuwa ngumu. Fundi akikata springi ya mizunguko 20 ibaki 15 na kukunja ndoano mpya, ugumu umepanda kwa theluthi moja, na haivutiki mbali kama mwanzo. Kwa hiyo "nipe ndefu nitaikata" si jibu la kila tatizo.

4. Urefu wa ndani ya ndoano. Springi ikiwa imelala bila kuvutwa, pima kutoka ndani ya ndoano moja hadi ndani ya ndoano ya pili. Wengine wanapima mwili peke yake, wengine mpaka nje ya ndoano. Mwambie mteja upime wapi, tena mchoree.

5. Ndoano zenyewe. Ni duara kamili au ndefu? Zinaangalia upande mmoja au zimepishana? Springi za kuvuta mara nyingi hukatikia hapa, pale waya unapopinda kuacha mzunguko. Mteja akirudi kila mara kutafuta ileile, muulize inakatikia wapi.

MTEGO WA SPRINGI ILIYOCHOKA

Mteja anapima springi ya zamani, kumbe imeshavutika na haijarudi. Akikupa urefu huo, unamuuzia ndefu kupita kiasi. Muulize: ikiwa imelala, mizunguko imeachana? Springi nyingi za kuvuta zikiwa mpya huwa zimebanana, hivyo mianya ni dalili ya kuchoka.

Urefu wa mwanzo unaweza kuukokotoa. Chukua idadi ya mizunguko, ongeza moja, zidisha kwa unene wa waya, halafu jumlisha urefu wa ndoano zote mbili. Mfano: mizunguko 30, waya wa milimita 2, kila ndoano 12. Mwili ni 31 mara 2, yaani 62. Ongeza 24, jumla 86. Kama yeye kapima 95, basi imelegea milimita 9. Mtumie ya 86.

CHUMA GANI?

Waya wa kawaida wa springi una nguvu, lakini unashika kutu. Kwa mteja wa Tanga, Zanzibar au Mombasa, mwambie mapema kuhusu isiyoshika kutu kirahisi, yaani stenlesi. Ila ujue stenlesi yenye vipimo vilevile ni laini kidogo, kwa zaidi ya asilimia 10. Na usimwambie mteja ajaribu kwa sumaku: waya wa stenlesi ukivutwa kiwandani hadi kuwa wa springi, mara nyingi unaanza kushikwa na sumaku kidogo. Andika stenlesi pale tu msambazaji wako alipokuthibitishia.

HAPA USIBAHATISHE

Springi ya stendi ikiwa dhaifu, stendi inaning'inia pikipiki ikiwa kwenye mwendo. Ikigusa lami kwenye kona, inaweza kumwangusha dereva na abiria wake. Springi ya breki ikiwa dhaifu, breki hairudi vizuri, inasugua na kupata moto. Kwa vitu hivi uza kulingana na modeli ya chombo. Kama huna, sema huna. "Itaingia tu, lazimisha" ni maneno ya kumuumiza mtu.

Na kwenye video za bidhaa, usivute springi kubwa kwa mkono ili kuonyesha ubora. Ikiponyoka, jicho halina bei.

MFANO WA TANGAZO

"Springi ya kuvuta. Waya mm 2.0. Kipenyo cha nje mm 16. Mizunguko 30. Urefu ndani ya ndoano mm 86. Ndoano duara kamili, upande mmoja. Waya wa kawaida, si stenlesi. Kabla ya kulipia, linganisha na yako au nitumie vipimo nikusaidie."

Piga picha mbili: moja springi ikiwa imelala juu ya rula, nyingine ya ndoano kwa karibu.

Tangazo hili linapunguza maswali, linapunguza mizigo ya kurudi, na fundi akiliona anajua anaongea na mtu anayeijua kazi. Fundi wa namna hiyo akikuamini, hanunui moja. Anakuletea karakana nzima.

Kazi ya leo: toa springi zote kwenye boksi, zipime, kila aina iweke kwenye mfuko wake na uandike vipimo juu. Ni kazi ya jioni moja. Kesho mteja akituma picha, wewe mjibu kwa maswali matano.

Mtumie na mwenzako anayeuza vipuri. Biashara njema!