Dondoo muhimu: Taa ya upepo wa tairi ikiwaka kwenye dashibodi

Asubuhi za Juni na Julai, Mbulu na Katesh hupigwa na baridi kali. Joto likishuka nyuzi 10, tairi hupoteza takriban PSI 2, hivyo taa inaweza kuwaka bila pancha yoyote.

• Pima upepo kabla ya safari, tairi zikiwa baridi. Fuata kipimo kilichoandikwa kwenye mlango wa dereva, si cha kukisia.

• Ukishajaza, weka kumbukumbu upya. Kwenye Toyota nyingi zenye kitufe cha SET, washa swichi gari likiwa limesimama, bonyeza kitufe hicho mpaka taa ipepese mara tatu, kisha uendeshe kidogo. Usibonyeze kabla ya kujaza: gari litakariri upepo mdogo.

• Taa ikipepesa kama dakika moja kisha ikabaki imewaka, tatizo liko kwenye mfumo wa taa hiyo, mara nyingi ni sensa (kihisi) ya upepo iliyo ndani ya tairi. Betri yake hudumu miaka 5 hadi 10, na mara nyingi hubadilishwa sensa nzima.

• Mwambie fundi pancha mapema kuwa rimu ina sensa, asije akaivunja kwa chuma karibu na valvu.

• Usiache valvu bila kifuniko. Vumbi na tope la barabara ya Haydom huiharibu.

• Si kila gari lina sensa ndani ya tairi. Mengine hulinganisha mzunguko wa magurudumu.

Kabla ya kuteremka mteremko wa Dareda, beba kipima upepo chako mwenyewe. Taa huonya tu, haijazi upepo.