Kabla ya kutoa dola 600

*Shangazi, naishi Des Moines, jimbo la Iowa, pamoja na mume wangu na watoto watatu. Tulitoka Uvira, tukakaa kambi ya Nyarugusu miaka mingi, kisha tukaletwa huku. Green card tunazo. Kongo nilikuwa muuguzi wa A2, huku nakata nyama kiwandani zamu ya usiku. Sasa tumepewa barua kwamba zamu yetu inafungwa mwisho wa mwezi ujao. Ndugu mmoja wa hapa anasema nikimpa dola 600 atanijazia fomu za serikali na kuniandikisha kozi ya kuhudumia wazee. Niliwahi kwenda ofisi ya kazi ya jimbo, wakanionyesha kompyuta, wakasema nitafute kazi humo. Kiingereza changu ni kidogo, nikaona aibu, nikarudi nyumbani. Je, nimpe hizo pesa? Na kijana wangu wa miaka 19 amemaliza shule, anashinda na simu tu. Nifanyeje?*
*Mama wa Watatu*

Mwanangu, pole kwa barua hiyo ya kiwanda. Pesa usimpe. Fomu anazotaka kukujazia hazina ada, na kozi yenyewe inaweza kulipiwa na mfuko wa umma au na nyumba ya wazee itakayokuajiri. Simwiti tapeli, maana huenda njia anaijua kweli. Lakini dola 600 ni chakula cha watoto wako, tena katika mwezi ambao mshahara unakatika.

Turudi kwenye ile ofisi uliyoikimbia. Inaitwa IowaWORKS, na iko chini ya idara ya kazi ya jimbo. Wasomaji wangu walio Ohio wanayo ya kwao, OhioMeansJobs. Minnesota ni CareerForce. Kentucky ni Kentucky Career Center. Majina yanatofautiana, lakini sehemu kubwa ya fedha za mafunzo inatoka serikali kuu kwa sheria moja ya mwaka 2014, ambayo watumishi wa ofisi hizo huiita WIOA. Wanaitamka "wi-o-a". Lishike jina hilo, utalihitaji.

Ndani ya jengo lile kuna huduma za aina mbili, na watu wetu wengi huishia kwenye ya kwanza. Hiyo ya kwanza ni ya kila anayeingia: kompyuta, matangazo ya kazi, msaada wa kuandika CV. Ndiyo uliyopewa wewe. Ya pili unapewa mshauri wako mwenyewe. Anapima ujuzi wako, mnaandika mpango pamoja, na ukikubaliwa, ada ya mafunzo inalipwa moja kwa moja kwa chuo. Wakati mwingine wanasaidia hata nauli, sare na malezi ya mtoto unapokuwa darasani. Mtu akifika mapokezi akasema "natafuta kazi", anaonyeshwa kompyuta. Anayetaka mafunzo lazima ayaombe kwa kinywa chake.

Na wewe una haki ya kuyaomba kwa njia mbili. Kwanza, sheria ina fungu la wafanyakazi waliopunguzwa kazi, liitwalo Dislocated Worker, na mtu anaweza kuingizwa humo akiwa bado yuko kazini, mradi ameshapewa barua. Usisubiri mwisho wa mwezi ujao. Pili, kuna fungu la watu wazima ambalo linawapa kipaumbele wenye kipato cha chini na wale ambao Kiingereza chao hakijatosha kazini. Kwa hiyo, mwanangu, Kiingereza ulichokionea aibu kimeandikwa katika sheria kuwa sababu ya wewe kutangulizwa. Ingia na kichwa chako juu.

Nenda wiki hii, asubuhi, ukishalala kidogo baada ya zamu. Beba green card, kadi ya Social Security, kitambulisho chenye anwani ya sasa, barua ya kiwanda na hati za mshahara za miezi ya karibuni, zako na za mumeo. Jioni ya kuamkia siku hiyo, kabla hujaenda zamu, mwambie kijana wako akuandikie kwa Kiingereza kwenye karatasi maneno haya: "Nimepewa barua ya kupunguzwa kazi. Naomba kuonana na mshauri wa WIOA wa Dislocated Worker ili niombe kulipiwa mafunzo. Nahitaji mkalimani wa Kiswahili." Ukifika mapokezi, mpe mtumishi karatasi hiyo, kisha usimame hapo hapo. Akikuonyesha kompyuta, mwonyeshe tena karatasi, kwa upole.

Mkalimani si hisani. Ofisi inayopokea fedha za serikali kuu inabanwa na Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 isimnyime mtu huduma kwa sababu ya lugha, na mkalimani humlipi wewe. Mara nyingi atakuwa kwenye simu, na huenda akawa mtu wa Mombasa au Dar es Salaam. Akitumia neno usilolijua, mwambie asimame na aeleze tena. Wewe umezoea kusema "formation" na "attestation". Yeye atasema "mafunzo" na "cheti". Usiitikie "ndiyo" kwa jambo ambalo hukulielewa, maana "ndiyo" hiyo inaandikwa kwenye faili. Na kijana wako usimfanye mkalimani. Mwache awe mtoto wako siku hiyo.

Wakikukatalia, omba jibu kwa maandishi pamoja na maelezo ya namna ya kukata rufaa. Nimeona barua nyingi za wasomaji waliokataliwa kwa mdomo tu, wakaenda zao bila hata kipande cha karatasi mkononi. Mtu wa namna hiyo hana cha kuonyesha akirudi kuuliza.

Sasa kozi. Ile ya msaidizi wa muuguzi, ambayo huko wanaiita CNA, kwa sheria ya serikali kuu haipungui saa 75, ikiwa na saa 16 za mazoezi chini ya msimamizi, halafu mtihani. Ni kozi ya majuma, wala si ya miaka. Iowa ina vyuo vya jamii 15, na cha kwenu, DMACC, ni kimojawapo. Kupitia vyuo hivyo jimbo lina mfuko uitwao Gap, unaolipia kozi fupi za vyeti kwa familia ambazo kipato chao hakizidi asilimia 250 ya kiwango cha umaskini cha serikali kuu. Kwa nyumba ya watu watano, kikomo hicho kiko juu kuliko wengi wanavyodhani. Muulize mshauri wako kuhusu Gap na WIOA pamoja, maana mfuko mmoja ukikauka mwingine huenda una kitu.

Kuna pia jambo ambalo huyo ndugu hakukwambia, pengine halijui. Nyumba ya wazee inayopokea fedha za Medicare au Medicaid, ikikuajiri au ikikuahidi kazi kabla hujaanza kozi, hairuhusiwi kukutoza ada ya kozi hiyo wala ya mtihani. Na hata ukijilipia mwenyewe, ukapata kazi katika nyumba ya aina hiyo ndani ya miezi 12 baada ya kumaliza, jimbo linapaswa kuweka utaratibu wa kukurudishia gharama. Kwa hiyo tunza kila risiti. Lakini usikimbilie kujisajili wala kulipa chuo chochote kabla mshauri hajaidhinisha: fedha za WIOA hulipia kozi zilizo kwenye orodha ya jimbo, na kwa kawaida hazirudi nyuma kulipa deni ulilokwisha kuliingia.

Ila mwanangu, nisingependa uishie kwenye CNA. Ni kazi ya heshima, lakini inachosha mgongo na malipo yake ni madogo, na wewe umeshika wagonjwa miaka. Ichukue kama mlango wa kuingilia hospitalini. Diploma yako ya A2 peleka ikatathminiwe. Sitakudanganya: A2 ni ya ngazi ya sekondari, na ni vigumu ikubalike moja kwa moja kama uuguzi kamili wa Marekani. Hata hivyo inaweza kuthibitisha kwamba umemaliza sekondari, na hilo peke yake linakuondolea mtihani mmoja mrefu wa kuthibitisha elimu ya sekondari. Hatua inayofuata ni uuguzi wa vitendo wenye leseni, uitwao LPN, katika chuo cha jamii. Hapo jimbo lina ufadhili uitwao Last-Dollar, unaofidia ada inayobaki baada ya misaada mingine, kwa kozi za kazi zinazohitaji watu. Orodha ya kozi hizo hupitiwa upya, basi uliza ya mwaka huu. Green card yako inakuruhusu kuomba misaada hiyo ya masomo. Na Kiingereza kianze mara moja, kwenye madarasa ya watu wazima ya chuo hicho hicho. Usingoje kazi iishe.

Siku zamu itakapofungwa, omba fidia ya ukosefu wa kazi wiki hiyo hiyo. Tangu 2022 Iowa hulipa kwa wiki zisizozidi 16, isipokuwa kiwanda kikifungwa kabisa, ambapo zinafika 26. Kwa kuwa kwenu inafungwa zamu tu, panga bajeti kwa hizo 16. Kila wiki utatakiwa kuonyesha hatua nne za kutafuta kazi, tatu kati yake zikiwa ni maombi ya kazi. Lakini yapo mafunzo ambayo idara ikiyaidhinisha inakuondolea sharti hilo ili usome kwa utulivu. Omba idhini hiyo kabla ya siku ya kwanza darasani, na uipate kwa maandishi.

Kuhusu kijana wako. Nenda naye siku hiyo hiyo, ila awe na faili lake. WIOA ina fungu la vijana wa miaka 16 hadi 24 walioacha au kumaliza shule, na linaweza kumlipia mafunzo au kumtafutia kazi ya majaribio yenye malipo. Ahakikishe amejiandikisha Selective Service, ile orodha ya serikali ya wanaoweza kuitwa jeshini, kwani mvulana wa umri wake asipofanya hivyo anaweza kunyimwa fedha hizo, na kujiandikisha hakuna ada. Aulize pia kuhusu uanagenzi uliosajiliwa, wa umeme, mabomba au ufundi wa mashine, ambao mwanafunzi anapokea mshahara tangu siku ya kwanza. Akikwambia anataka lori, kama vijana wengi wa kwetu, ajue kwamba kuvuka mpaka wa jimbo na lori kunahitaji miaka 21, na kwamba tangu Juni 2025 dereva anayeshindwa kuzungumza na askari na kusoma alama za barabara kwa Kiingereza anasimamishwa papo hapo. Yeye Kiingereza anacho. Mwambie simu aiweke chini asubuhi moja tu, mwende pamoja.