Vita Ikipigwa Mbali: Bei ya Mafuta Inavyofika Mkula

Tarehe 24 Februari 2022 majeshi ya Urusi yaliingia Ukraine. Mwezi Aprili mwaka huo bei kikomo ya petroli jijini Dar es Salaam ilikuwa shilingi 2,861 kwa lita; mwezi Mei ikawa shilingi 3,148. Dizeli iliruka zaidi, kutoka shilingi 2,692 hadi 3,258. Mkazi wa Mkula, wilayani Busega, alilipa bei hizo pamoja na gharama ya kuyasafirisha mafuta zaidi ya kilomita elfu moja kutoka bandarini. Swali lililoulizwa wakati ule vijiweni, na linaloulizwa kila vita mpya inapotangazwa redioni, ni la haki kabisa: ikiwa mafuta yetu hayachimbwi Ukraine, vita ya huko inatuhusu nini?

Somo hili linajibu swali hilo. Aidha, linaeleza jambo ambalo mtumiaji akilifahamu litamlinda kuliko hasira: bei inayopandishwa na vita husafiri kwa njia inayojulikana na kwa mwendo unaojulikana. Anayekupandishia bei siku ileile habari inapotangazwa anakudai fedha ambayo vita yenyewe haijaidai bado.

Soko moja, wanunuzi wengi

Tanzania haisafishi mafuta ghafi. Kiwanda cha TIPER kilichopo Kigamboni, kilichoanza kazi mwaka 1966, kiliacha kusafisha mafuta mwishoni mwa miaka ya 1990 na sasa ni maghala ya kuhifadhia. Petroli, dizeli na mafuta ya taa huingia nchini yakiwa tayari yamesafishwa, kwa wingi kutoka nchi za Ghuba na India. Huagizwa kwa zabuni chini ya Mfumo wa Uagizaji wa Mafuta kwa Pamoja unaosimamiwa na wakala wa serikali, PBPA, na kupokelewa katika bandari za Dar es Salaam, Tanga na Mtwara.

Kabla ya vita ile, nchi za Ulaya zilinunua sehemu kubwa ya dizeli yao kutoka Urusi. Wanunuzi wa Ulaya walipoanza kuikwepa dizeli hiyo hawakuacha kuendesha magari. Walikwenda Ghuba na India, kwenye ghala lilelile tunalochota sisi. Wafugaji wa Simiyu wataelewa upesi: mnada mmoja ukifungwa kwa ugonjwa wa mifugo, wanunuzi wake wote wakahamia mnada wa jirani, bei ya ng'ombe wa huko hupanda hata kama hakuna ng'ombe hata mmoja aliyekufa zizini mwako. Ndiyo sababu mwezi Mei 2022 dizeli, ambayo mwezi mmoja kabla ilikuwa nafuu kuliko petroli, iliipita.

Vita huongeza pia gharama zisizoonekana kituoni. Mwenye meli anayepita karibu na eneo la mapigano hutozwa bima kubwa zaidi, na msambazaji anayeshindania zabuni huiingiza gharama hiyo katika bei yake. Tangu Novemba 2023, meli nyingi za biashara zililazimika kuikwepa Bahari ya Shamu kwa sababu ya mashambulizi ya Wahuthi wa Yemen, zikaizunguka Afrika kupitia Rasi ya Tumaini Jema. Meli inayotoka Ghuba kuja Dar es Salaam haina haja ya kupita Bahari ya Shamu, lakini safari za meli nyingine zinaporefuka, meli zilizo huru kukodishwa hupungua, na kodi ya meli ni soko kama masoko mengine. Juu ya hayo kuna dola. Mafuta hulipwa kwa dola za Marekani, hivyo shilingi ikidhoofika bei hupanda hata mahali ambapo hakuna bunduki iliyolia.

Hali hii si ngeni. Vita ya Oktoba 1973 kati ya Israeli na nchi za Kiarabu ilifanya bei ya pipa la mafuta ghafi kupanda takriban mara nne katika miezi michache, kutoka kama dola 3 hadi karibu dola 12. Wazee wanaikumbuka miaka ya uhaba iliyofuata, ambapo magari binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili baada ya saa nane mchana. Tofauti ni kwamba wakati ule mwananchi alipangiwa siku ya kutembea, na leo anapangiwa na mfuko wake.

Mwendo wa bei

Lita unayojaziwa leo haikununuliwa leo. Ilinunuliwa wiki nyingi zilizopita, ikapakiwa melini, ikasubiri zamu ya kushushwa, ikakaa ghalani, kisha ikasafirishwa kwa lori hadi Kanda ya Ziwa. Kwa hiyo Mamlaka, inapokokotoa bei kikomo, huangalia bei za soko la dunia za kipindi kilichopita, siyo za asubuhi ya kutangaza. Bei mpya hutangazwa mara moja kwa mwezi na huanza kutumika Jumatano ya kwanza, saa 6:01 usiku.

Mwaka 2022 ulilionyesha hili kwa uwazi. Mwezi Juni pipa la mafuta ghafi aina ya Brent lilivuka dola 120. Lakini petroli ya Dar es Salaam ilifika kilele mwezi Agosti, shilingi 3,410 kwa lita, wakati ambapo soko la dunia lilikuwa limekwisha kuanza kushuka. Mwezi Septemba ikashuka hadi shilingi 2,969. Ikumbukwe kwamba bei hizo zilikuwa tayari zimepunguzwa na ruzuku, maana kuanzia mwezi Juni Serikali ilitenga shilingi bilioni 100 kwa mwezi kupunguza makali.

Mwendo huu wa polepole una pande mbili, na haki inatudai tuzitaje zote. Unamkinga mnunuzi vita inapoanza, kwa kuwa bei ya jana huendelea kutumika kwa muda. Unamkera vita inapotulia, kwa kuwa redio itatangaza kwamba mafuta yameshuka duniani na bango la kituo litabaki palepale. Si lazima kuwe na mtu aliyekula fedha. Yaliyomo katika matangi yalinunuliwa kwa bei ya juu.

Wakati mwingine vita hupita kabla bei yake haijafika. Mwezi Juni 2025 Israeli na Iran zilipigana kwa siku 12. Hofu ilikuwa kubwa, kwani Mlango wa Hormuz, uliopo kati ya Iran na Oman, ulikuwa ukipitisha takriban sehemu moja ya tano ya mafuta yote yanayotumika duniani. Brent ilipanda ndani ya siku chache, na mapigano yaliposimama tarehe 24 Juni ikaporomoka kwa kasi ileile. Aliyekimbilia kujaza vidumu wiki ile alibaki na hatari ya moto chumbani na faida isiyoonekana.

Jambo jingine husahauliwa. Sehemu kubwa ya bei ya lita moja ni kodi na tozo zinazokadiriwa kwa shilingi kwa kila lita, zikiwamo ushuru wa bidhaa na tozo ya mafuta kwa ajili ya barabara. Hizi hazipandi kwa sababu ya vita. Kwa hiyo bei ya dunia ikipanda kwa asilimia 20, bei ya kituoni haipaswi kupanda kwa asilimia 20, bali kwa kiwango kidogo kuliko hicho.

Hesabu ya Mkula

Tuchukue mfano wa pikipiki ya bodaboda inayokwenda kilomita 40 kwa lita moja. Iliyochakaa itakwenda pungufu. Petroli ilipopanda kwa shilingi 287 mwezi Mei 2022, kila kilomita iliongezeka gharama kwa takriban shilingi 7. Kumpeleka mgonjwa Hospitali ya Mkula kutoka kijiji kilicho umbali wa kilomita 10 kuliongezeka gharama kwa shilingi 72, na dereva akirudi bila abiria, shilingi 144. Hivyo aliyeongeza nauli kwa shilingi 200 alikuwa na maelezo. Aliyeongeza shilingi 1,000 kwa safari hiyohiyo, na kusingizia vita, hakuwa nayo.

Lakini tumtendee haki dereva naye. Anayetumia lita 4 kwa siku alipoteza shilingi 1,148 kila siku, na mwenye pikipiki hakumpunguzia hesabu hata shilingi moja. Kwa siku 26 za kazi ni karibu shilingi 30,000 kwa mwezi. Nauli ya bodaboda ni ya makubaliano, na makubaliano mema hufanywa na watu wawili wenye hesabu ileile. Kwa mabasi hali ni tofauti: nauli hupangwa na LATRA, na mafuta kupanda hakumpi kondakta ruhusa ya kujitungia yake. Mwaka huo nauli mpya zilianza kutumika tarehe 14 Mei baada ya kutangazwa rasmi.

Mzigo mzito zaidi mkoani Simiyu hubebwa na dizeli, ingawa malalamiko mengi tunayoyasikia ni ya petroli. Lori linalotumia lita 100 kusomba pamba lilihitaji shilingi 56,600 zaidi mwezi Mei 2022 kuliko mwezi Aprili, na Mei ndio wakati ambapo msimu wa ununuzi wa pamba hufunguliwa. Trekta la kulima kwa ekari na mashine ya kusaga ya kijijini vinakunywa dizeli hiyohiyo. Hivyo hata asiyemiliki baiskeli huilipia vita katika debe la unga.

Kumjua anayekuzidishia

Bei kikomo haifanani nchi nzima. Jedwali la Mamlaka huorodhesha kila wilaya, na bei za Simiyu huzidi za Dar es Salaam kwa sababu ya usafirishaji. Mkazi wa Mkula asome mstari wa Busega. Akijaza mafuta Bariadi mjini, asome mstari wa huko. Piga *152*00# kwa simu ya mtandao wowote na ufuate maelekezo. Huduma hiyo ni bure. Kituo kinaruhusiwa kuuza chini ya bei kikomo, lakini si juu yake, na kinalazimika kuonyesha bei katika bango linaloonekana bayana.

Zipo siku za kuwa macho zaidi, nazo ni siku chache za mwisho kabla ya Jumatano ya kwanza, hasa pale habari za vita zinapoashiria kwamba bei itapanda. Baadhi ya wafanyabiashara hutangaza kuwa mafuta yamekwisha, kisha Jumatano asubuhi pampu zinafanya kazi bila mtu yeyote kuona lori likishusha. Huko ni kuhodhi, na ni kosa. Mwaka 2023 Mamlaka ilivifungia baadhi ya vituo kwa kosa hilo. Taarifa ya mwananchi aliyeona ina uzito, kwa sababu rekodi za ghala na za kituo zinaweza kulinganishwa na alichokiona.

Mafuta ya chupa yanayouzwa kando ya barabara hayamo katika ulinzi huu. Hakuna ajuaye kama chupa ni lita kamili, yaliyomo yanaweza kuwa yamechakachuliwa, na bei yake ndiyo hupanda saa ileile redio inapotaja vita. Tunaelewa kwa nini watu huyanunua: kituo kiko mbali na pikipiki imezima njiani. Kwa ajili hiyo Mamlaka imelegeza masharti ya ujenzi wa vituo vya vijijini, na wenye mitaji midogo wanahimizwa kuulizia utaratibu katika ofisi ya kanda.

Kila ununuapo kituoni, dai stakabadhi inayotolewa na mashine ya pampu, yenye jina la kituo, tarehe, aina ya mafuta na bei kwa lita. Ukiona umezidishiwa, mweleze kwanza mwenye kituo kwa maandishi. Asipokutendea haki, wasilisha lalamiko lako pamoja na nakala ya stakabadhi katika ofisi ya Mamlaka ya kanda. Endapo ulinunua usiku wa kuamkia Jumatano ya bei mpya, hakikisha saa ya ununuzi imeandikwa, kwa kuwa kilichouzwa saa 5:50 usiku kinapimwa kwa bei kikomo ya mwezi unaokwisha, hata kama bango limekwisha kubadilishwa.