Vigoga, Mimea Midogo ya Mawe

Pepa iko juu, katika milima ya Marungu. Asubuhi kuna baridi na umande. Shukeni mtoni, mkatazame mawe yaliyo kivulini. Mtaona kama zulia la kijani, laini mkononi. Mtoto mmoja atasema, "Ni uchafu wa maji tu." Sivyo! Ni mimea mingi iliyosongamana. Huitwa vigoga.

Kigoga hakina maua, wala mbegu, wala mizizi ya kweli. Hushika jiwe kwa nyuzi nyembamba, na hunywa maji kwa majani yake. Jua likiwaka hukunjamana kama kimekufa. Mvua ikinyesha hufunguka tena.

Aina za vigoga hupita 10,000. Tutazipangaje? Rangi haitoshi, maana karibu vyote ni vya kijani. Zamani daktari mmoja wa Ujerumani, Johann Hedwig, alivitazama kwa hadubini. Juu ya kijiti cha kigoga aliona kibweta kidogo chenye vumbi. Vumbi hilo ndilo linaloota vigoga vipya. Mdomoni mwa kibweta mna meno madogo sana. Hedwig alivipanga vigoga kwa kufuata meno hayo. Kitabu chake kilitolewa mwaka 1801, naye alikwisha kufa mwaka 1799.

Jamaa moja iliyoenea sana ni Bryaceae. Mara nyingi kibweta chake huinama kama kichwa cha mtu anayesinzia, na meno yake ni safu mbili. Safu ya nje ina meno 16. Wa jamaa hii ni Bryum argenteum. Kwa Kilatini argentum ni fedha, na kweli ncha za majani yake hung'aa kama fedha. Huota katika mabara yote, hata Antaktika penye barafu.

Vigoga vina kazi. Hunywa mvua na kuiachia polepole, tena hushika udongo wa ukingo. Miti ya mtoni ikikatwa na moto ukipita, kivuli huisha, vigoga hufa, na udongo huchukuliwa na maji. Basi tuitunze miti hiyo.

Maswali
1. Kigoga hunywaje maji?
2. Hedwig alitazama nini ili avipange vigoga?
3. Tafuta kigoga chenye kibweta. Je, kimesimama au kimeinama? Kichore.